Kwa nini KK inachelewa kuliko KS: mwongozo kamili wa kupiga hesabu ya kusubiri mpangilio kwenye kurusha koini

Chukua koini ya mia mbili, ile yenye Mzee Karume upande mmoja na simba upande wa pili. Upande wa Karume tuuite kichwa, yaani K, na upande wa pili S. Sasa rusha andika, rusha andika, usiache mpaka uone vichwa viwili vimefuatana, KK, halafu hesabu umerusha mara ngapi. Kisha anza upya kabisa, safari hii unasubiri kichwa kikifuatiwa na simba, KS. Ukirudia yote mawili mara nyingi na kutafuta wastani, unadhani kipi kitakuja mapema?

Karibu kila ninayemuuliza ananijibu ni sawa tu, koini haina upendeleo, mirusho miwili ina majibu manne KK KS SK SS na kila moja ni robo. Hiyo robo ni kweli kabisa wala sibishani nayo. Ila wastani sio sawa: KS inakuja baada ya mirusho 4, KK baada ya mirusho 6. Tofauti ya mara moja na nusu, kwa koini ileile, mikono ileile.

Mi nalipenda sana hili swali kwa sababu halihitaji hesabu za chuo, ukiweza kutatua mlinganyo wenye herufi moja au mbili umeshafika, na ukilielewa vizuri unaweza kupiga hesabu ya mpangilio wowote ule, wa koini, wa dadu, hata wa herufi. Chukua karatasi na kalamu twende pamoja, maana hii ukiisoma tu bila kuandika itapita.

Hatua ya 1: kusubiri kitu kimoja

Tuanze na kusubiri K moja tu, wastani wake tuuite W. Ukirusha umeshatumia mrusho mmoja, hilo halina mjadala. Nusu ya nafasi umepata K, umemaliza. Nusu nyingine umepata S, na S haijakusaidia chochote, uko palepale ulipoanzia kwa hiyo bado unadaiwa W nzima. Kwa hiyo:

W = 1 + ½W

Nusu ya W ni 1, W ni 2. Kwa dadu ukisubiri sita inakuwa W = 1 + ⅚W, unapata 6. Huo mstari uelewe vizuri kabla hujaendelea kwa sababu kila kitu kinachofuata ni huohuo umerefushwa kidogo: umetumia mrusho mmoja, ongeza wastani wa kilichobaki kutegemea umeangukia wapi.

Hatua ya 2: KS

Kwanza unasubiri K, hiyo tumeshaona ni 2. Sasa una K mkononi, unataka S. Rusha. Ikija S umemaliza. Ikija K je? Hapa ndo pa kutulia. Ikija K hujapoteza kitu, maana hiyo K mpya nayo ni mwanzo mzuri wa KS, unabaki na K yako mkononi unaendelea kusubiri S. Kwa hiyo sehemu ya pili nayo ni kusubiri kitu kimoja tu, mara 2. Jumla 2 + 2 = 4.

Hatua ya 3: KK

Kwanza K, mara 2. Una K mkononi unataka nyingine. Ikija K umemaliza. Ikija S umefilisika, ile K uliyokuwa nayo haina kazi tena na S haiwezi kuwa mwanzo wa KK, unarudi sifuri.

Tuite A wastani ukiwa huna kitu, na B wastani ukiwa na K moja mkononi.

A = 2 + B
B = 1 + ½A (nusu umemaliza, nusu umerudi mwanzo)

Weka ya pili kwenye ya kwanza: A = 3 + ½A, kwa hiyo A = 6, na B = 4.

Umeona tofauti iko wapi? Kushinda ni nusu kwa nusu kote kuwili. Kinachotofautisha ni ukikosea unabaki na nini mkononi. Kwenye KS ukikosea unabaki na K, kwenye KK ukikosea unabaki mikono mitupu. Hilo swali, nikikosea nabaki na nini, ndo unaloliuliza kila hatua kwa mpangilio wowote.

Hatua ya 4: sasa mbona zote ni robo?

Hapa ndipo watu wanapokwama na wana haki ya kukwama, kwa sababu ukirusha koini siku nzima na kuandika mstari mmoja mrefu, idadi ya KK na idadi ya KS zitakaribiana kweli. Inawezekanaje vitu viwili vinavyotokea kwa idadi sawa kimoja kichelewe?

Andika matokeo yote 16 ya kurusha mara nne, kuanzia KKKK mpaka SSSS, yaandike kweli usiyapige kwa kichwa. Hesabu KK zote zilizomo ndani ya hayo matokeo, utapata 12. Hesabu KS zote, utapata 12 vilevile. Idadi sawa. Sasa hesabu ni matokeo mangapi yana KK angalau moja: ni 8 tu. Yenye KS angalau moja: ni 11.

Kwa nini? Kwa sababu KK zinajazana sehemu moja. KKKK peke yake imebeba KK tatu, ya herufi ya 1 na 2, ya 2 na 3, ya 3 na 4. KKKS ina mbili, SKKK ina mbili. Yaani KK zikija zinakuja kwa kundi, halafu kwingine kunakuwa patupu. KS haiwezi kufanya hivyo, KS mbili haziwezi kupandana herufi, ndo maana zimesambaa, ni KSKS tu iliyopata mbili. Ni kama daladala zinazokuja tatu kwa mpigo halafu nusu saa kituo hakina gari, ukihesabu kwa siku ni gari zilezile ila anayefika kituoni anasubiri zaidi.

Ukipanua mpaka mirusho 10 inashtua zaidi. Matokeo yote ni 1024. Yasiyo na KS hata moja ni 11 tu (lazima S zote zitangulie halafu K zifuate, na kuna namna 11 za kuzigawa), kwa hiyo KS inaonekana kwa asilimia 99 hivi. Yasiyo na KK ni 144, kwa hiyo KK inaonekana kwa asilimia 86. Hizo 144 zinatoka kwenye mfululizo wa Fibonacci, 2, 3, 5, 8, 13, kila namba ni jumla ya mbili zilizopita: mrusho mmoja kuna namna 2 za kukosa KK, mirusho miwili 3, mitatu 5, unaenda hivyohivyo mpaka wa kumi unakutana na 144.

Hatua ya 5: jaribu kwa mkono, lakini kuna mtego

Mkiwa watu kadhaa inaenda haraka, mmoja anarusha mmoja anaandika. Mtego ni huu: usirushe mstari mmoja mrefu halafu ukapima umbali kutoka KK moja hadi inayofuata. Ukifanya hivyo utapata wastani 4, sio 6, utadhani nimekudanganya. Sababu ni kwamba ukishapata KK bado una K mkononi, na tulishaona wastani wa mwenye K mkononi, ile B, ni 4. Unaotafuta wewe ni wastani wa anayeanza bila kitu. Kwa hiyo kila ukipata KK, piga mstari, sahau yaliyopita, anza moja.

Kitu kingine, zitikise koini kwenye viganja kabla ya kurusha ili usianze upande uleule kila mara. Mwaka 2023 watafiti wakiongozwa na František Bartoš walitoa matokeo ya mirusho 350,757, na koini ilitua upande ulioanzia juu kwa asilimia 50.8 hivi. Ni kidogo sana na haitaharibu jaribio lako, ila kutikisa hakugharimu kitu.

Hatua ya 6: herufi tatu

Chukua KSS. A ni huna kitu, B una K, C una KS.

A = 2 + B
Ukiwa na K: ikija S unaenda C, ikija K unabaki B. Kwa hiyo B = 2 + C.
Ukiwa na KS: ikija S umemaliza, ikija K hujafilisika, una K, unarudi B. C = 1 + ½B.

Hizo zinakupa C = 4, B = 6, A = 8.

Sasa KSK. A = 2 + B na B = 2 + C kama mwanzo. Ila ukiwa na KS ukakosea maana yake umepata S, una KSS, hakuna hata herufi moja ya mwisho inayofaa, unarudi sifuri: C = 1 + ½A. Kwa hiyo A = 4 + C = 5 + ½A, na A = 10.

KKK ifanye mwenyewe, jibu ni 14. Ukimaliza yote manane utaona KKK na SSS ni 14, KSK na SKS ni 10, manne yaliyobaki yote ni 8. Hizi namba sio za bahati, zina mpango.

Hatua ya 7: njia ya mkato

Andika mpangilio wako. Uliza: herufi 1 ya mwanzo inafanana na herufi 1 ya mwisho? Ikifanana andika 2. Herufi 2 za mwanzo zinafanana na 2 za mwisho? Andika 4. Tatu? 8. Nne? 16. Unaendelea hivyo mpaka urefu wote (wote lazima ufanane na wenyewe, kwa hiyo namba ya mwisho huwa ipo siku zote). Jumlisha. Huo ndo wastani, umemaliza, hakuna mlinganyo.

KKK: 2 + 4 + 8 = 14. KSK: 2, hakuna 4 kwa sababu KS sio SK, halafu 8, jumla 10. KSS: 8 peke yake. KSKS: 4 + 16 = 20. KKKK: 30.

Kwa nini inafanya kazi? Kuna maelezo mazuri mno ambayo Shuo-Yen Robert Li aliyachapisha mwaka 1980, na kwangu ndo sehemu tamu kuliko zote. Fikiria kijiwe cha kamari isiyo na faida kwa mwenye kijiwe, ukiweka shilingi ukishinda unapewa mara mbili, ukishindwa imeenda. Kabla ya kila mrusho anaingia mchezaji mpya na shilingi 1, anaiweka kwenye herufi ya kwanza ya mpangilio. Akishinda ana 2, anaziweka zote kwenye herufi ya pili, akishinda ana 4, anaziweka zote kwenye ya tatu. Akishindwa popote anatoka hana kitu. Mpangilio ukikamilika kijiwe kinafungwa.

Kijiwe hakili wala hakiliwi, kwa wastani kilichoingia ni sawa na kilichotoka. Kilichoingia ni shilingi moja kwa kila mrusho, kwa hiyo ni idadi ya mirusho yenyewe! Kilichotoka ni pesa walizonazo waliobaki mezani wakati wa kufunga. Kwa KKK, aliyeingia mirusho mitatu iliyopita ana 8, aliyemfuata ana 4, wa mwisho ana 2. Jumla 14. Kwa KSK, wa kwanza ana 8, wa pili aliweka kwenye K ikaja S akatoka, wa mwisho ameweka kwenye K imekuja K, ana 2. Jumla 10. Waliobaki mezani ni walewale ambao mwanzo wa mpangilio wao umefanana na mwisho wake, basi.

Hatua ya 8: toka kwenye koini

Dadu ina pande sita, kwa hiyo badala ya 2, 4, 8 unatumia 6, 36, 216. Kwenye ludo kusubiri sita mbili mfululizo ni 6 + 36 = 42 kwa wastani, wakati tano ikifuatiwa na sita ni 36 tu. Sita tatu mfululizo ni 258.

Herufi 26 za kibodi vilevile, ukizibonyeza bila kuangalia. BABU ni 26 × 26 × 26 × 26, yaani 456,976. BABA ina BA mwanzoni na BA mwishoni kwa hiyo unaongeza 676, inakuwa 457,652. Babu anafika kabla ya baba, na KAKA, DADA na MAMA wako kundi moja na baba.

Koini isiyo sawa je, inayoangukia K zaidi? Tuseme K ina uwezekano p. Kwa hatua zilezile KS inakuwa 1 ÷ (p × (1 − p)) na KK inakuwa 1/p + 1/p². Kwa p ya 0.7 KK ni kama 3.5 na KS ni kama 4.8, mambo yamegeuka. Zinapokutana ni pale 1 − p² = p, yaani p ni 0.618 hivi, ambayo ni 1 ÷ 1.618, na 1.618 ndo ile namba ya dhahabu inayotoka kwenye Fibonacci, imejitokeza tena.

Hatua ya 9: mbio za watu wawili

Mwaka 1969 Walter Penney alileta mchezo huu kwenye Journal of Recreational Mathematics. Mwenzako anachagua mpangilio wa herufi tatu, anautaja. Wewe unachagua wako. Koini inarushwa mfululizo, wa kwanza kutokea kashinda. Kwa sababu wewe ni wa pili, unaweza kumzidi kwa chochote atakachochagua, na kanuni ni fupi: chukua herufi yake ya katikati, igeuze, iweke mbele ya herufi zake mbili za kwanza. Akisema KSK, katikati ni S, geuza iwe K, ongeza KS, unapata KKS. Utamshinda mara 2 kati ya 3. Akisema KKK wewe SKK, unashinda mara 7 kati ya 8, maana KKK isipotokea mirusho mitatu ya mwanzo basi lazima kuna S imetangulia na SKK imeshamuwahi. Akisema KKS wewe SKK, mara 3 kati ya 4. Huna koini? Karata zinatosha, nyekundu na nyeusi, funua moja moja.

Hakuna mpangilio bora kuliko wote. SKK inaishinda KKS, SSK inaishinda SKK, KSS inaishinda SSK, na KKS inaishinda KSS. Duara limefunga.

Mtu aliyetoa hesabu ya mkato ya mbio hizi ni mwanahisabati John Conway, na mwandishi Martin Gardner akaitangaza kwenye jarida la Scientific American mwaka 1974. Wa mwenzako uite M, wako uite W. Tengeneza namba nne kwa jumla ileile ya 2, 4, 8, ila sasa unalinganisha mwisho wa mpangilio wa kwanza na mwanzo wa mpangilio wa pili. MM ni M na yenyewe, MW ni mwisho wa M na mwanzo wa W, WW na WM vivyo hivyo. Uwiano wa ushindi wako kwa wake ni:

(MM − MW) kwa (WW − WM)

Jaribu M = KSK na W = KKS. MM = 10. MW: mwisho wa M ni K, mwanzo wa W ni K, andika 2, mengine hayafanani. WW = 8. WM: mwisho wa W ni KS, mwanzo wa M ni KS, andika 4. Unapata 8 kwa 4, yaani 2 kwa 1, kama tulivyosema.

Na sasa chukua M = KSKK na W = SKSK. Wastani wa kusubiri KSKK ni 18, wa SKSK ni 20, kwa hiyo ungesema KSKK inawahi. Piga hesabu ya Conway: MM = 18, MW = 0, WW = 20, WM = 2 + 8 = 10. Uwiano ni 18 kwa 10, SKSK inashinda mara 9 kati ya 14. Yenye wastani mrefu ndo inayotangulia, kwa sababu KSK ya mwisho wa SKSK ndiyo KSK ya mwanzo wa KSKK: kila mwenzako anapofika herufi tatu akiwa ametanguliwa na S, wewe umeshamaliza. Wastani unajibu swali la anayesubiri peke yake, mbio ni swali lingine na lina hesabu yake.